Kibao Kilichofukizwa Udi

Ijumaa ile Bi Khairat alifukiza nguo za nyumba nzima, kama alivyozoea kila Ijumaa. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akafunika tenga juu yake, kisha akaenda kupapasa kitandani kwa Biasha, mke wa mwanawe, na kuokota kila kilichofungwa kwa kanga. Macho yake yalikuwa yashaingia ukungu, lakini pua ilikuwa nzima, na furushi moja lilimnukia mafuta ya nazi.

"Mtoto huyu anarudi na kiwanda kizima mwilini," alisema peke yake. Akaliweka furushi lile katikati ya tenga, pahala pa heshima, akaongeza udi.

Chumba cha pili, Mcha, mwanawe, alikuwa amelala chali juu ya jamvi. Hakuwa na namna nyengine ya kulala tangu alipoteleza kwenye jukwaa la mbao akipaka chokaa hoteli moja ya mjini, mgongo ukamkatalia.

"Mama, udi gani huu leo?"

"Udi ule ule."

"Mbona unanuka kama ndara zinazoungua?"

"Udi haunuki, unanukia. Pua yako imelala pamoja na mgongo wako, mwanangu. Nyamaza."

Biasha alitoka bafuni anajifuta uso, akaisikia harufu ile, akajua kabla ya kuona. Aliliondoa furushi juu ya tenga akalifungua sakafuni. Ndani mlikuwa na kibao cha nambari cha kiwandani, kidude cheusi kipana kama kiganja, chenye vifungo kumi na mkia wa waya. Sasa nne ilikuwa imeinama juu ya saba. Sifuri ilikuwa imechuruzika mpaka pembeni, ikaganda. Tisa haikuwepo tena kwenye kibao, ilikuwa imehamia kwenye pindo la kanga.

"Mama," alisema Biasha polepole, "umekifukiza."

"Mimi nimefukiza kanga. Nani alotia redio ndani ya kanga?"

"Si redio. Ni kazi yangu hiyo."

"Kazi gani inayofungwa kwenye kanga ikawekwa kitandani?"

Na hapo Bi Khairat hakukosea. Kazi ya namna hiyo haikuwepo mjini kabla ya mwaka ule, mwaka uliofuata mvua zile kubwa zilizoangusha nyumba mtaa wa Malindi.

Kiwanda kilikuwa Amani, kikitengeneza sabuni za karafuu. Alikuja mtaalamu kutoka Dubai na kompyuta, akaiweka mwisho wa mkanda ambapo sabuni hupita moja moja mbele ya mkaguzi. Mkaguzi ndiye Biasha. Akiiona sabuni nzuri, anabonyeza moja. Ikiwa nyepesi, anabonyeza mbili. Ikiwa imepasuka, tatu. Kompyuta inahesabu, jioni inatoa karatasi, na karatasi inakwenda Dubai kwa faksi, kwa mnunuzi. Sabuni isiyobonyezewa haitoki kiwandani. Zilizopasuka hazisafirishwi, wanapewa wafanyakazi wakaogee kwao, na ndizo zilizokuwa zikimkwaruza Mcha mgongo kila alipokogeshwa.

Meneja, Bwana Majid, ndiye aliyemwamuru Biasha alale na kibao kwake. Ofisini kulikuwa kumeshapotea kikokotoo, saa ya ukutani, na birika. "Kikiwa kwako," alimwambia, "najua nani nimshike." Biasha alikuwa kibarua wa muda. Majid alikuwa ameshamuahidi kuwa shehena ya kwanza ikiondoka salama atamwandikia ajira ya kudumu. Mchele wa nyumba ile, kodi ya vyumba vile viwili, na dawa ya kuchulia mgongo wa Mcha vyote vilikuwa vikisubiri karatasi hiyo ya ajira.

Biasha alikifunga kibao upya, kwa kanga nyengine.

"Kifukize tena," alisema Mcha kutoka jamvini. "Huenda kikarudi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

*

"Kimefanya nini?" aliuliza Bwana Majid.

"Kimeyayuka."

"Kimeyayushwa na nini?"

"Kimefukizwa udi, Bwana Majid."

Majid alikuwa mtu wa Mkunazini, wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye alikuwa na kiti cha magurudumu madogo. Alikisogeza mbele, akakiinua kibao, akakinusa.

"Udi mzuri lakini," alisema. Kisha akakumbuka kuwa yeye meneja, akakiweka chini.

Nyuma yake, kwenye kabati la kioo, ilikuwepo kibodi ya kompyuta, ile kubwa yenye herufi zote, imevishwa nailoni yake tangu ilipokuja. Biasha aliitazama kwa adabu.

"Ile pale si ina nambari juu?"

"Ile ya ofisi."

"Lakini haitumiki."

"Haitumiki kwa sababu ni ya ofisi. Halafu ina herufi. Mtaalamu alisema mkaguzi apewe kitu chepesi, nambari tu. Mkaguzi akipewa herufi ataandika."

"N'taandika nini?"

"Ndiyo hatujui."

"Basi nihesabu kwa karatasi na kalamu, kama zamani."

"Karatasi inadanganya, Biasha. Ndiyo maana tukaletewa mashine." Majid alikizungusha kiti kidogo kulia, kidogo kushoto. "Tutanunua chengine. Niletee karatasi za bei kutoka maduka matatu. Ndiyo utaratibu."

"Na kikiwa kipo duka moja tu?"

"Basi hakinunuliwi."

"Na kisiponunuliwa?"

"Meli inakuja mwisho wa mwezi. Sabuni isipotoka, mimi n'taulizwa. Nikiulizwa, n'tasema ni wewe, na n'tatafuta mtu mwengine." Aliyasema bila ya uadui, kama mtu anayetaja bei ya unga. "Na huyo naye ntampa kibao alale nacho."

Biasha alitoka. Ujiani alimkuta Usi, msukuma mkokoteni, anapanga masanduku ya sabuni ukutani mpaka juu. Sabuni zilikuwa zikiendelea kutengenezwa, maana hakuna aliyeambiwa aache. Stoo ilishajaa. Ujia ulikuwa unajaa.

"N'zitie wapi nyengine, dada?" Usi aliuliza. "Meneja kasema nizitie msalani, fundi kasema nizitie chumba cha kusalia. Watu wanasali upande upande, kama kaa."

*

Darajani, Samir alikuwa na duka la kompyuta na feni. Biasha alimwekea kibao kilichoyayuka juu ya kioo cha kaunta. Samir akakitazama, akamtazama Biasha, akakitazama tena.

"Hiki kimekufa kwa nini?"

"Nyumba iliwaka," alisema Biasha, maana alishachoka kusema udi.

"Poleni sana. Basi chukua kompyuta nzima. Ile pale ina kila kitu."

"Sitaki kila kitu. Nataka nambari na mkia."

"Bibi, hiyo ni kama kwenda buchani ukamwambia mchinjaji nikatie mkia, na ng'ombe abaki mzima." Akainama chini ya kaunta. "Nna kikokotoo hiki, kinatumia jua. Nna simu ya mezani. Nna rimoti ya televisheni, nambari hizo, sifuri mpaka tisa, zimo zote."

"Ina mkia?"

"Rimoti haina mkia, ndiyo uzuri wake."

Nyuma ya Biasha walikuwa wamesimama watu wawili wakinunua betri, na mmoja alisema kwa sauti ndogo ya kusikika, "Mama anatafuta mkia." Biasha akavuta kanga mbele.

"Basi niandikie bei tu."

"Bei ya kitu nisichokuwa nacho?"

"Ndiyo."

"Ghali au rahisi?"

"Vyovyote."

Samir alifikiri sana, akang'ata kalamu. "Nikiandika rahisi wataniletea watu," alisema. Akaandika ghali, akagonga muhuri.

Duka la pili waliandika bila ya kuuliza, wakidhani ni mambo ya kodi. Duka la tatu walikataa kumwandikia mtu asiyenunua, ikabidi anunue betri ya tochi, na nyumbani hawakuwa na tochi.

Majid alizisoma karatasi zote tatu kwa raha. Alizipanga mezani, akaweka kidole juu ya ya pili.

"Hawa rahisi. Kanunue hapa."

"Hawana, Bwana Majid."

"Mbona wameandika bei?"

Nje ya dirisha ilisikika sauti ya mtu ameteleza, kisha ya masanduku, kisha ya Usi akimtaja Mola wake.

*

Talib, fundi wa simu na redio, alikuwa na kibanda chake chini ya ngazi ya nyumba moja huko Hurumzi. Alikuwa rafiki wa Mcha tangu wakiwa vijana, na aliulizia mgongo kwanza, kisha ndipo akakishika kibao. Alikifungua kwa bisibisi, akatoa kipande cha udi kilichoungua ndani, akakiweka pembeni kwa heshima.

"Shemegi, vifungo havina faida tena. Lakini tazama mkia. Una matundu tisa, matano juu, manne chini. Huu ndio unaotaka."

"Kwani mikia yote si sawa?"

"Hata. Uchochoro ule unaujua, nyuma ya msikiti? Watu wawili hawapishani pale. Anapita mmoja, kisha mwengine, kila mtu na salamu yake. Basi waya huu ndivyo ulivyo. Khabari zinapita moja moja kwa foleni. Kompyuta yenu imekaa mwisho wa uchochoro inahesabu wanaotoka. Yenyewe haijali. Ije moja, ije mbili, ije embe, itahesabu embe."

"Basi nitengenezee chengine, Talib. Vifungo vitatu vyatosha. Kizuri, chepesi, kilichopasuka."

Talib alitikisa kichwa. "Ndani mna kichwa chake, kidogo kama punje ya mtama, na hicho ndicho kilichoyayuka. Siku hizi mashine zote zinatengenezwa zifanye kila kitu. Ya kufanya kitu kimoja huipati." Akapuliza vumbi kwenye meza. "Kuna hoteli moja Kendwa, ya Mtaliano. Mwaka jana n'likwenda kutengeneza simu yao. Pale wanapouza vinywaji palikuwa na kibao, na mkia wake ni huu huu. Nlisikia wamenunua kipya. Cha zamani kitakuwa stoo."

"Stoo ya pale anakaa Duni. Binamu yangu."

"Basi kidude kishakuwa chako."

"Humjui Duni," alisema Biasha.

*

Kendwa, mlinzi wa hoteli alimtazama Biasha buibui lake na mkoba wake wa ukili, akamwelekeza kwa mkono apite nyuma, kwenye mapipa ya jikoni. Alikaa hapo juu ya kreti mpaka jua likamzunguka. Watalii wawili walipita, mmoja akataka kumpiga picha, Biasha akageuza uso. Ndipo Duni akatoka na funguo kiunoni.

"Biasha. Leo umenikumbuka."

"Duni, mwenzangu, khabari za siku nyingi."

"Nyingi kweli. Harusi ya mwanangu ulikuwa mgonjwa. Hitma ya mama ulikuwa kazini. Leo mzima tena huna kazi?"

Biasha aliyameza yote mawili. Alieleza shida yake, na Duni akasikiliza akipiga funguo moja kwa nyengine. Kisha akaingia stoo, akatoka na kibao chekundu kimefungwa gazeti. Mkia wake ulikuwa na matundu tisa. Biasha akafungua mkoba akitie, ndipo alipovitazama vifungo.

Havikuwa na nambari. Vilikuwa na picha. Gilasi ya maji. Kikombe cha kahawa. Gilasi kubwa lenye povu. Chupa ya mvinyo na zabibu zake. Na kile cha pembeni, kigilasi kidogo chembamba, kama cha kunywea dawa.

"Hiki kigilasi cha nini?"

"Hiyo ndiyo kali yao kuliko zote. Wazungu wakimaliza kula wanakunywa, machozi yanawatoka, wanasema nzuri." Duni alimtazama. "Unakitaka au hukitaki?"

"Bei gani?"

"Kwani mie n'ngekuuzia? Mwenyewe kasema kitupwe." Akamshika Biasha bega, akaipima kwa vidole viwili kanga aliyojitanda juu ya buibui. "Doti hii nzuri. Ya sikukuu?"

Ilikuwa ya sikukuu, na ndiyo mpya pekee aliyokuwa nayo. Biasha alirudi mjini na kibao ndani ya mkoba na kichwa kimefunikwa buibui peke yake. Siku ya pili Majid alikataa kumlipa. Kanga, alisema, hazina risiti.

*

Nyumbani kesi ilisikilizwa usiku ule ule aliorudi kutoka Kendwa, kabla ya chakula. Mcha alikiinua kibao juu ya uso wake, akiwa chali.

"Mke wangu atakaa mchana kutwa anabonyeza mvinyo."

"Nitabonyeza picha ya mvinyo."

"Watu watasema nini?"

"Watu hawataiona picha. Watu watauona mchele."

Bi Khairat alikipapasa kifungo kimoja kimoja, akitaka aambiwe kila kimoja ni nini. Alipofika kwenye kigilasi chembamba aliondoa kidole upesi, akakifuta kwenye leso.

"Nisikilizeni," alisema. "Sabuni nzuri iwe maji. Maji ni halali, na sabuni na maji ni ndugu. Nyepesi iwe kahawa, maana kahawa nayo ni ya kupitishia wakati. Na iliyopasuka, ambayo hatuitaki, hiyo ipewe hicho kigilasi. Kibaya kwa kibaya."

"Na kile chenye povu?" aliuliza Biasha.

"Kisiguswe. Na hicho kigilasi, mkono wa kushoto. Kidole kidogo."

Biasha alimbusu mkono. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, na Bi Khairat alilipokea busu lile kama mtu aliyedhulumiwa akasamehe.

"Ila nakwambia tena," alisema. "Mimi nilifukiza kanga."

*

Kibao kilikubali. Talib alikuja mwenyewe kukichomeka, mkanda ukavuma, sabuni zikaanza kupita, na Usi akaanza kuzirudisha moja moja kutoka chumba cha kusalia. Kwa mkono wa kuume Biasha alibonyeza maji, maji, maji, maji, kahawa, maji. Sabuni yenye ufa ilipokuja alipitisha mkono wa kushoto juu ya ule wa kulia, akanyoosha kidole kidogo, akabonyeza kigilasi akiwa ametazama pembeni. Wanawake wa kufungasha walidhani ni fundisho la mtaalamu wa Dubai. Wengine wakaanza kuifanya kazi yao vivyo hivyo.

Jioni kompyuta ilitoa karatasi. Haikuwa na moja, mbili, tatu. Ilikuwa na maneno ya Kitaliano, yale yale ya hotelini. *Acqua*, mia tisa na kitu. *Caffè*, kama hamsini. *Grappa*, ishirini na mbili.

Biasha aliipeleka ofisini mwenyewe.

"Bwana Majid, nataka kukueleza kidogo. Hizi *Grappa*, mana'ke—"

"Najua, najua." Majid alikuwa ameshalikunja paji la uso juu ya karatasi. Hakuwa anajua. Lakini alikuwa amesoma mpaka Form Four, na hakuweza kumuuliza kibarua maana ya neno lililotoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. "*Acqua*," alisema, akitikisa kichwa. "Naam. *Caffè*. Vizuri."

"Lakini hizo—"

"Biasha, kazi yako kubonyeza."

Akatia sahihi, akagonga muhuri, na karatasi ikaingia kwenye faksi ikilia.

Usiku ule Biasha hakula. Mcha alimwambia kuwa Dubai wenyewe Waislamu, wataona majina ya ulevi kwenye karatasi ya sabuni, na kazi imekwisha. Bi Khairat alisema Waislamu wa kweli hawatayajua majina hayo. Alisema vizuri, ila haikumsaidia mtu kulala.

*

Majibu yalikuja meli ikiwa bado haijafika. Majid alimwita Biasha, na alipoingia mlango ukafungwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyika ofisi ile, kwa kuwa mlango ule ulishavimba kwa mvua. Usi alilazimika kuusukuma kwa bega kutoka nje.

"Kaa," alisema Majid.

Biasha hakuwahi kukaa mle ndani. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka mkoba magotini tayari kwa kuondoka.

Majid aliisoma faksi kwa sauti. Mnunuzi anashukuru. Anafurahi kuona kiwanda sasa kinapanga bidhaa kwa madaraja. Ameona kuwa daraja la *Grappa* ni adimu mno, ishirini na mbili tu katika kutwa nzima, na anafahamu kwamba kitu bora siku zote huwa kichache. Anaomba radhi, hataki *Acqua* wala *Caffè*. Anataka meli nzima ya *Grappa*, na bei ataipandisha.

Magurudumu ya kiti yalilia mara moja.

"Biasha. Hizi *Grappa* ndizo zipi?"

"Zilizopasuka."

"Zilizopasuka."

"Zile tunazoogea kwetu. N'litaka kukwambia siku ile."

"Mimi nikasema nini?"

"Ulisema unajua."

Majid alikigeuza kiti dirishani. Wangeweza kuandika Dubai, kusema kumetokea makosa. Lakini makosa yalikuwa na sahihi yake chini na muhuri juu ya sahihi.

"Basi nilikuwa nnajua," alisema mwishowe. "Zipasueni."

"Zipi?"

"Zote."

"Nzuri zote?"

"Kwani zilizopasuka zina haja ya kupasuliwa? Waambie waanze. Na wewe rudi kwenye kibao."

Biasha hakuinuka. Alikuwa amekuja akiwa tayari kufukuzwa, na moyo uliokuwa umejikaza kwa kufukuzwa haukujua pa kwenda. Ndipo akasema, kwa sauti ile ile ya adabu aliyoitumia siku zote:

"Bwana Majid, kidole hiki cha muda. *Grappa* ni daraja la juu. Nadhani inataka kidole cha kudumu."

Majid alimtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Hakuona kitu usoni mwake. Akavuta mtoto wa meza, akatoa ile karatasi ya ajira, ambayo kumbe ilikuwa imekaa mle siku zote.

"Na kanga yangu," alisema Biasha alipokwisha kupokea.

"Kanga haina risiti."

"Ndiyo. Lakini ipo kwa Duni."

Kanga ikalipwa chini ya fungu la vifaa vya ukaguzi.

*

Kupasua sabuni nzuri hakukuwa kazi rahisi. Usi alianza na nyundo, zikawa unga. Wakaletwa wanawake wawili na michi, zikawa unga mzuri zaidi. Wakazianika, mvua ikanyesha. Mnunuzi alitaka ufa, ufa mmoja mzuri, wa kutoka pembe mpaka pembe, kama wa zile *Grappa* za mwanzo alizopelekewa kwa mfano. Na fundi wa mitambo, ambaye kwa miaka alikuwa akipigana na nyufa usiku na mchana, sasa alisema kwa uchungu kuwa hajui zilikuwa zikitokea vipi.

Biasha alikuwa akilifikiria jambo moja tangu siku ya pili, ila alikuwa akilionea haya. Siku ya tatu akalisema.

Bi Khairat alikuja kiwandani kwa gari ya meneja, na chetezo chake magotini na tenga nyuma. Majid alimpokea mlangoni. Bibi alisimama, akasubiri.

"Shikamoo, Bi Khairat," alisema Majid.

"Marahaba. Nlidhani kwenye viwanda hamna shikamoo." Alinusa hewa. "Nyanya yako tulicheza naye unyago. Alikuwa na udi mzuri kuliko wote mtaani. Wewe unafukiza?"

"Siku hizi nafasi hakuna, bibi."

"Ndiyo maana." Hakusema ndiyo maana ya nini. "Sasa nasikia mnataka nipasue sabuni."

"Kama utaweza."

"Mimi sipasui sabuni, mwanangu. Mimi nafukiza. Ikipasuka, shauri yake."

Wakampangia sabuni juu ya tenga, safu kwa safu. Moto ulipanda polepole, udi ukapenya, sabuni zikakauka upande wa chini kabla ya upande wa juu, na baada ya muda zikaanza kulia, tak, tak, ufa mmoja mmoja, kutoka pembe mpaka pembe. Zilitoka hapo zinanukia karafuu na udi. Biasha alizipokea mwisho wa mkanda, akapitisha mkono wa kushoto juu ya wa kulia, akabonyeza kigilasi.

"Kidole kidogo," alisema Bi Khairat, ambaye hakuwa anaona.

"Kidogo, Mama."

Wakajenga matenga makubwa, wakaajiri vibibi wengine wa Malindi wenye vyetezo vyao, na meli ikaondoka imejaa. Majid aliandika ripoti ndefu juu ya utaalamu wa jadi katika viwanda vya kisasa. Kibodi ya ofisi ilibaki kwenye nailoni yake.

Sasa zilikuwepo sabuni, si nyingi, ambazo kwa sababu zisizojulikana zilikataa kupasuka. Zilikaa juu ya moto, zikapokea udi wote, zikatoka nzima na laini kama zilivyoingia. Hizo mnunuzi hakuzitaka. Utaratibu wa kiwanda haukubadilika: mbovu wanapewa wafanyakazi wakaogee kwao.

Jioni moja Biasha alimkalisha Mcha kwenye kigoda bafuni, akammwagia maji, akamsugua mgongo taratibu pale panapouma. Mcha alijikaza akisubiri kukwaruzwa, kama mtu anayesubiri sindano. Hakukwaruzwa. Akajikaza tena upande wa pili. Kisha mabega yakashuka.

"Mbona leo sabuni laini hivi?"

"Ni mbovu hiyo. Haikupasuka."

Mcha akalinusa povu begani mwake.

"Maskini," alisema. "Ilishindwa na moto au na mama?"

"Na mama," alijibu Bi Khairat kutoka chumbani, "haijashindana hata moja. Mimi nafukiza tu."